Mate ya Mama Mkubwa

Kikohozi kilitokea mwisho wa foleni. Kandida Kihwele, aliyekuwa akitayarisha mvuke, alikitambua kabla hajainua macho: kikavu, kifupi, kama mtu anayevunja kijiti gotini. Kikohozi cha mafua hubeba kitu. Hiki hakikubeba kitu chochote isipokuwa mwenyewe aliyekohoa, ambaye mabega yake yaliruka kidogo yakatua.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Mngoni wako," akajibu Gama, nyapara wa zamu, akijigonga kifua kwa ngumi. "Umenitilia nini kwenye huo uji wako, we Mhehe? Mkia wa mbwa?"

Wafagiaji wenzake kumi na mmoja wakacheka ndani ya mavazi yao mazito.

"Mbwa tumpe Mngoni?" Kandida akasema. "Si utakimbia naye mpaka huko Kusini mlikotoka. Na hata salamu hujatoa. Ulilelewa na nani wewe?"

"Siku nitakayokuamkia kwa adabu, ujue mimi na wewe basi."

Ndivyo walivyoanza kila asubuhi kwa miaka miwili, Mhehe na Mngoni, watani tangu babu zao walipochoka kuuana wakakubaliana kutukanana. Kandida alizoea kuyasubiri matusi ya Gama kama wengine wanavyosubiri chai.

Akawafungulia. Kila mmoja akabana mdomo wa mpira kwa meno, akavuta mvuke wa manjano kutoka kwenye tangi lililoandikwa NGAO. Robo saa nzima, bila kuzungumza. Mvuke ulinuka kama mihogo iliyosahauliwa ndani ya maji, ndiyo maana wakauita uji. Nyuma yao ulikuwapo mlango wa chuma wenye unene wa kitanda, na nyuma ya mlango Handaki la Lyangweni, ambamo nchi ilikubali kuhifadhi majivu ya vinu vya nyuklia vilivyokufa katika nchi za mbali. Mapipa elfu kumi na moja. Mapipa huchoka kama watu. Hupasuka, huvuja, na lazima awepo wa kuingia kuyaziba na kufagia. Mashine zilijaribiwa. Mionzi ilizichanganya akili, zikawa zinazunguka mahali pamoja kama kuku mwenye kideri.

Vazi huzuia vumbi. Mionzi yenyewe hupita vazi kama harufu ya samaki inavyopita pazia. Na mapafu hayalalamiki siku hiyo wala wiki ile. Hungoja. Baada ya miezi huvimba, kisha hushonwa makovu ndani kwa ndani mpaka yanakuwa magumu kama dodoki lililokaushwa juani. Kabla ya Ngao, mfagiaji aliruhusiwa mwezi mmoja tu humo ndani katika maisha yake yote. Kwa Ngao, miaka mitatu. Picha ya aliyeileta Ngao ilitundikwa kando ya mlango, na wafagiaji wengine waliigusa wakipita, kama watu wanavyogusa maji ya baraka. Ilikuwa picha ya Kandida.

"Wewe baki," alimwambia Gama.

Wale kumi na mmoja wakaingia. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafungulia.

Katika chumba cha vipimo alimbandika Gama kioo kifuani. Mapafu yakajitokeza, makubwa, yakipanda na kushuka. Chini kabisa, upande wa kushoto, aliona nyuzi nyeupe. Nyembamba bado. Zimetambaa kama ukungu kwenye mkate wa juzi.

"Unaona nini humo? Mtoto?" Gama akauliza.

"Mimba ya miezi minne."

"Basi mwite jina lako. Akiwa na kichwa kikubwa hatutauliza baba."

Kandida hakucheka. Alivuta fomu. Palikuwa na mstari ulioandikwa *Chanzo*, na visanduku vyake: tumbaku, moshi wa kuni, kifua kikuu, mengineyo.

"Unavuta?"

"Unajua sivuti."

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Gesi. Kuni ni Jumapili tu, mke wangu akichoma mahindi." Gama akamtazama. "Kwa nini?"

Kalamu yake ikaweka alama kwenye moshi wa kuni. Aliuona mkono ukifanya hivyo.

"Mahindi ya Jumapili?" Gama akasema polepole. "Mwenzangu, hayo mahindi yana nguvu."

Alikuwa mtu wa tisa mwenye nyuzi hizo.

*

Alipofika kwenye maabara yake alifunga mlango, akayaweka majina tisa upande mmoja wa meza. Upande wa pili akaweka majina kumi na matatu ya wafagiaji wa kundi la kwanza, waliokuwa wameingia handakini mara nyingi kuliko Gama na ambao mpaka leo mapafu yao yalikuwa safi. Hesabu hii mtoto angeimaliza kabla ya kengele ya mapumziko. Aliyekuwa akiikwepa kwa miezi ni mtu mzima mwenye diploma ya maabara ukutani.

Kundi la kwanza walivuta dawa iliyotoka kwenye chungu. Hawa tisa walivuta dawa iliyotoka kiwandani.

Mzizi ulikuwa uleule, mvengele, wenye nyama ya manjano, unaoota kwenye mawe ya upande wa baridi. Kemikali ilikuwa ileile, na yeye ndiye aliyeipima: huingia katika chembe hai za pafu na kuziamsha zijilinde kabla mionzi haijafika, kama mtu anayepiga mbiu mwizi akiwa bado mbali. Kilichotofautiana ni maelezo ya utengenezaji. Katika karatasi aliyowapa watu wa kiwanda aliandika: chimba, osha, ponda kwa kinu, loweka siku mbili.

Jikoni kwa mama mkubwa Semhilu hapakuwa na kinu. Hatua ya tatu ilikuwa mdomo. Mama mkubwa aliukata mzizi vipande, akavitafuna kimoja kimoja bila haraka, akavitemea ndani ya chungu. Pu. Pu. Kisha akafunika kwa jani la mgomba. "Dawa ya kifua lazima ipitie kinywani kwa mtu," alisema, "la sivyo haitajua njia." Alivyofanya ndivyo wazee walivyowafanyia wajukuu waendao safari, kuwatemea mate usoni yawe baraka. Kandida alikuwa na umri wa miaka kumi na sita siku alipoyaona hayo mara ya kwanza. Aligeuza uso akatazama dirishani.

Chuoni aliwahi kusimulia habari hiyo, mara moja tu, mbele ya darasa. Kijana mmoja wa nyuma akaigiza mtu anayetema, darasa zima likaanguka kwa kicheko, na mpaka siku ya mahafali waliita kila kikombe cha chai "cha kina Kandida". Alijifunza. Kwa hiyo siku wageni wa kiwanda walipokuja Lyangweni, kalamu mkononi, wakamuuliza hii hutengenezwaje, neno lilitoka laini kama lililokuwa likifanyiwa mazoezi kwa miaka. *Hupondwa kwa kinu.* Hakuna aliyetikisa kichwa. Hakuna aliyecheka. Alikumbuka jinsi alivyoona fahari.

Sasa alichukua kipande cha mvengele, akakitia mdomoni. Kichungu kilichochanganyika na udongo. Akatafuna mpaka taya zikamuuma, akatema kwenye kisahani, akakiacha nusu saa mahali penye joto, kisha akakilisha kipimo chake cha mkononi.

Hakuna kilichobadilika. Namba ilikuwa ileile ya dawa ya kiwandani.

Moyo ulimruka. Si mate, basi! Ni jambo jingine, udongo labda, labda maji, jambo ambalo mtu hawezi kulaumiwa kwa kutolijua. Alikaa na furaha hiyo kama dakika tano. Alikuwa ameanza hata kufikiria barua atakayoandika, yenye maneno kama *kwa masikitiko* na *uchunguzi unaendelea*, macho yake yalipotua kwenye chupa ya buluu kando ya bomba la maji.

Dawa ya kusukutua. Kila aliyefanya kazi Lyangweni alisukutua asubuhi na jioni, kwa amri, ili vumbi lisibaki kinywani. Iliua kila kilicho hai mdomoni. Mdomo wake ulikuwa safi kama kisahani kile.

Hayakuwa mate peke yake. Ni wale wanaoishi ndani ya mate.

*

Mama mkubwa alikuwa barazani akichambua maharage, redio ikisoma matangazo ya vifo. Ni mwendo wa dakika arobaini kwa pikipiki toka kituoni, na jua lilikuwa bado juu.

"Kamwene, mwanangu. Umekonda. Huko hawakulishi, wanakutundika ukutani tu?"

"Kamwene, mama." Kandida alichuchumaa, akatoa mzizi na kichupa. Hakujua aanzie wapi. "Naomba unitafunie kidogo."

Mwanamke yule akaacha maharage. Alikuwa na miaka sabini na minne na jambo moja la kujivunia, ambalo hakulificha: akafunua meno yote, meupe, hakuna pengo. "Thelathini na mawili. Hesabu. Padre ana kumi na manane na yeye hula kuku kila siku." Akautia mzizi mdomoni. "Leo umekuja na chupa. Siku ile uligeuza uso."

"Uliona?"

"Mimi si kipofu. Niliona, nikasema, huyu akikua ataacha." Akatafuna, akatema. Pu. "Haya. Kuna nini?"

Walingoja nusu saa, kichupa kikiwa kwenye jua. Kandida alikilisha kipimo. Namba ikaanza kushuka, ikashuka tena, ikasimama.

Alimweleza kama alivyojieleza mwenyewe, kwa maneno madogo. Dawa ya mvengele ina mkia, na huo mkia ni wa sukari. Mkia huo hauiruhusu kupita kwenye ngozi ya chembe ya pafu. Inabaki nje ikibisha hodi, na mionzi inaingia yenyewe. Vijidudu vya mdomoni, wale wa kawaida, wanaoishi kwa watu wasiosukutua dawa ya buluu, hula sukari. Hukata mkia. Kisha siku mbili chunguni huzaliana na kukata yote. Namba iliyoshuka ndiyo hesabu ya mikia: kati ya chembe kumi za dawa hapa, tisa zilikuwa hazina mkia. Ile ya kiwandani, hakuna hata moja.

"Mimi nilikwambia," mama mkubwa akasema. "Haitajua njia."

"Ulinambia."

"Wewe ukawaambia nini wale wageni?"

"Kinu."

"Kinu!" Alicheka, akapiga paja. Kisha kicheko kikakwama, maana aliutazama uso wa mwanawe. Alinyoosha mkono, akazima redio. "Wangapi?"

"Tisa. Na asubuhi nimewaingiza wengine kumi na mmoja."

Uani, kuku alikuwa akiparura maganda. Mama mkubwa alichukua harage moja, akaligeuza kati ya vidole, akalirudisha.

"Mimi miaka yote hii nilidhani uliwaambia," alisema. "Nimejisifu mpaka kanisani. Nawaambia akina mama, mnaona hawa watoto wanaoingia kwenye shimo la Lyangweni? Wanalindwa na mate yangu. Padre alicheka kidogo. Wengine wote waliniombea meno yasing'oke."

Kandida aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakujiandaa kwa hilo.

"Sikiliza," mama mkubwa akasema, akimsogelea, sauti ikishuka japokuwa hapakuwa na mtu. "Waambie mashine ya mvuke imeharibika. Siku tatu. Mimi nitatafuna. Nitawaita akina mama wa jumuiya, tutatafuna pipa zima, taya zituvimbe. Unalimwaga lile la kiwandani, unatia hili. Watu wanalindwa, kazi inaendelea. Nani atajua?"

"Na hao tisa?"

"Ukisema, watapona?"

"Hapana. Dawa hii hutangulia. Kovu likishakaa, halitoki."

"Basi! Wewe unataka kuwapa nini ambacho hawana? Wana ugonjwa tayari, unawaongezea na hasira?" Alimshika kidevu, akauinua uso. "Watakutoa kwenye ule ukuta, Kandida. Mimi nimewaonyesha watu picha hiyo."

Ulikuwa mpango mzuri. Usiku kucha angetafuta kasoro yake asiione. Hakuna mtu ambaye angeumia zaidi. Kitu pekee kilichobaki kilikuwa karatasi moja mfukoni mwake, yenye alama kwenye kisanduku cha moshi wa kuni; na huko mjini, mwanamke mmoja ambaye Jumapili hii angetazama mahindi yake na jiko lake, na kujiuliza kama ni yeye anayemuua mumewe.

"Atakuwa amekwisha kumwambia mkewe," Kandida akasema.

"Nani?"

"Mtani wangu."

*

Asubuhi iliyofuata foleni ilipojipanga, tangi lilikuwa limefungwa na mdomo wa kila mpira umefunikwa. Barua kwa mkurugenzi ilikuwa mezani kwake tangu saa kumi na mbili. Gama naye alikuwepo, katika shati la nyumbani. Alikuwa amesimamishwa kuingia lakini alikuja kuwasindikiza watu wake, kama nyapara anavyopaswa.

"Mhehe!" akaita. "Umeishiwa uji au umewapa mbwa?"

Kandida alisimama chini ya picha yake. Alikuwa amepanga maneno njiani, yenye heshima zake. Yote yakamponyoka, akasema yaliyobaki.

"Hamuingii leo. Dawa mliyokuwa mkivuta haifanyi kazi. Haijafanya kazi tangu ianze kutoka kiwandani. Kwa asili hutafunwa na mtu, ikatemwa kwenye chungu, ikachacha. Mate ndiyo yanayoiamsha. Mimi nilijua inavyotengenezwa. Sikujua kazi ya mate, lakini nilijua yapo, na niliyafuta kwenye karatasi. Niliona aibu."

Feni ya handaki ilivuma nyuma ya chuma.

"Mate?" akauliza mfagiaji wa mbele, dada mmoja wa makamo, kama mtu anayehakikisha ameagizwa nini dukani. "Ni mate tu?"

"Ni mate."

"Uliona aibu nani akusikie?"

Aliwaona wale wageni wenye kalamu, ambao majina yao hakuyakumbuka tena, na yule kijana wa nyuma darasani.

Gama alisogea. Watu wakampisha.

"Mimi mama yangu alinitafunia nyama mpaka nilipoota magego," alisema. Akageuka kwa wenzake. "Hapa nani hakutafuniwa? Anyooshe mkono."

Mikono yote ilibaki chini, ya wale kumi na mmoja na yake mwenyewe.

"Tungekunywa," Gama akasema. "Ungetuambia ni mate ya bibi yako, tungekutukana wiki nzima, na tungekunywa."

Kandida alitoa ile fomu mfukoni. Alama kwenye moshi wa kuni ilikuwa imekatwa kwa mistari miwili. Kwenye mengineyo alikuwa ameandika, kwa mwandiko ambao mtu yeyote angeweza kuusoma: *Hakulindwa. Dawa ilikuwa na kosa, na kosa ni langu,* kisha jina lake kamili. "Mpe mkeo," alisema. "Mwambie si mahindi. Za wale wanane ninazipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, leo."

Gama aliisoma hadi chini. Akaisoma tena. Kikohozi kikampata katikati. Akageuza uso pembeni, akamaliza, akafuta mdomo kwa kiganja.

Kandida akasubiri. Alilitaka tusi kama mwenye kiu anavyotaka maji. Amwite mla mbwa. Amtukanie babu, amtukanie kaburi la babu. Lolote angelipokea kwa mikono miwili, maana mtani hutukana hata msibani, akiwa amebeba jeneza, na akitukana maana yake bado mnahesabiana kuwa watu.

Gama aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, akafunga kifungo. Kisha akavua kofia.

"Ahsante, Bi. Kihwele," alisema taratibu, kwa adabu zote. "Nashukuru kwa kunieleza. Uwe na siku njema."